Ukianza Kichina Kurasini: Orodha ya Saba, Ubishi Unaruhusiwa

Kurasini, wilaya ya Temeke, ndipo mahali bora pa kujifunzia Kichina Tanzania nzima. Wa Mlimani, najua mna Taasisi ya Confucius tangu 2013. Tulieni, zamu yenu ya kubisha inakuja. Huku tuna Chuo cha Diplomasia, ambako Kichina ni moja ya lugha zinazofundishwa. Tuna bandari jirani inayoshusha makontena kutoka China. Tuna Daraja la Nyerere, mita 680 za kuvukia Kigamboni, lililojengwa na kampuni za Kichina na kufunguliwa 2016. Sasa twende: mambo saba yanayomtikisa mgeni wa mwaka wa kwanza, kuanzia linalotikisa kidogo.

7. Bumu

Kichina kina sauti nne. Bumu lina mbili: limeingia, limekwisha. Wiki ya kwanza gheto linanukia kuku na zege la mayai matatu. Wiki ya nne ni ubwabwa maharage kwa mama ntilie, tena kwa daftari la deni. Hukumu: halistahili nafasi ya juu, maana linawaangusha hata wa Uhasibu pale jirani, na hao ndio wanaosomea hesabu.

6. Jina la getini

Chuo cha Diplomasia kilianzishwa 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, na leo kinaitwa kwa jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Mzee huyu alikuwa balozi Cairo akiwa na miaka 22. Mwaka 1969 akawa balozi Beijing. Oktoba 1971 alikuwa New York, akiipigania China ipate kiti chake Umoja wa Mataifa. Wewe una miaka 22 na bado unagombania kimbweta chenye kivuli. Hukumu: usijilinganishe naye kabla ya kunywa chai.

5. "Hebu sema kitu tusikie"

Ikishajulikana mtaani kwamba unasoma Kichina, jina lako la ubatizo limekwenda. Wewe ni Mchina. Shangazi anakuletea boksi la rimoti usome maelekezo. Mjomba anataka umuulizie bei ya pampu. Unakimbilia Kariakoo ukafanye mazoezi na wenye lugha yao, unasalimia kwa Kichina safi, na Mchina wa dukani anakujibu, "Karibu kaka, bei ya mwisho hiyo." Hukumu: Kiswahili chake kimefika mbali kuliko Kichina chako. Kaza buti.

4. Sauti nne

Hapa wengi wenu mngeweka namba moja. Nakataa. Ni kweli kwamba ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuendelea na safari, wakati Kichina kinataka kila silabi ipande, ishuke au itulie kivyake. Mǎi, sauti ikishuka kisha ikapanda, ni kununua. Mài, sauti ikishuka kwa kishindo, ni kuuza. Ukiteleza unakwenda kununua simu na kurudi huna hata yako. Lakini sikio linazoea. Msikilize konda wa Mbagala anavyopandisha na kushusha jina la kituo kimoja asubuhi nzima: huyo apewe miezi sita tu na mwalimu mzuri. Hukumu: inatisha mwezi wa kwanza, halafu inakuwa wimbo.

3. Vipimo vya kuhesabia

Kichina hakikubali useme "kitabu kimoja" hivi hivi. Lazima katikati uweke neno la aina ya kitu: yì běn shū kwa kitabu, yì tiáo yú kwa samaki. Tiáo ni la vitu virefu, kwa hiyo samaki, mto, barabara na suruali wako kundi moja. Wanafunzi kutoka Ulaya wanalia hapa. Mswahili analia nini? Sisi tumekiweka kisiwa cha Mafia na kijiko cha chai ngeli moja, na hatujawahi kumwomba mtu radhi. Hukumu: umelelewa na ngeli, ingia darasani kifua mbele.

2. Herufi

Hapa utani unapungua. "Asante" kwa Kichina, xièxie, ni mistari 24 ya kalamu, na kila mstari una zamu yake. Mtihani wa Kichina wa HSK ngazi ya nne, ule unaotakiwa na vyuo vingi vya China kwa shahada zinazofundishwa kwa Kichina, unadai maneno 1,200 kwa mpangilio uliozoeleka wa ngazi sita. Desa la mwenzako halitakuokoa, maana mkono ndio unaokumbuka, na mkono haupigi desa. Andika kila siku, hata kumi tu. Anayesubiri wiki ya mitihani ndipo apige msuli namwonea huruma ya kweli: sapu inamjua kwa jina. Hukumu: ngumu kuliko zote, lakini haina ujanja wala hila. Ndiyo maana ni ya pili.

1. Kalenda na saa

Mshangae mnavyotaka. Xīngqī yī, siku ya kwanza ya wiki, ni Jumatatu yetu. Xīngqī sān, ya tatu, ni Jumatano. Wao wanaanza kuhesabu Jumatatu, sisi tunaanza Jumamosi, na katikati amesimama mwanafunzi wa Kurasini. Mwalimu akisema mtihani ni xīngqī sì, unasikia nne, unakuja Jumanne. Mtihani ni Alhamisi. Hapo una bahati, umewahi siku mbili. Balaa liko kwenye saa. Akisema bā diǎn, unasikia nane, unakula ubwabwa wako taratibu na kufika saa nane mchana. Yeye alimaanisha saa mbili asubuhi. Umechelewa saa sita, na karatasi zimeshakusanywa. Hukumu: siku inakusamehe, saa haikusamehe. Anayeona herufi zilistahili namba moja aje tubishane pale kwa mama ntilie, xīngqī liù, bā diǎn. Tuone atakuja lini.