Mgeni Rasmi Ameshaalikwa

Katika kampuni nyingi za programu hapa Dar es Salaam, tarehe ya uzinduzi haipangwi na fundi wala mteja. Hupangwa na mgeni rasmi. Akishaandikiwa barua, ukumbi ukalipiwa na fulana zikachapwa, uzinduzi upo palepale, hata kama mfumo bado unamhesabia mkopaji riba ya mwaka kwa wiki.

Wetu ulikuwa mfumo wa akiba na mikopo ya SACCOS. Mimi nasimamia wajaribu, yaani watu wanaolipwa kuharibu kazi za wenzao kabla wateja hawajaziharibu bure. Ratiba ilipendeza sana kwenye karatasi: wiki sita za kuandika programu, mbili za kuijaribu. Maprograma wakachelewa, hakuna aliyeshtuka. Wakachelewa tena, na kikao kizima kikanigeukia mimi kwa tabasamu. Wiki zangu zikaliwa mpaka zikabaki Ijumaa na kipande cha Jumamosi.

Nikajitetea kwa kitabu. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 kule IBM, aliandika The Mythical Man-Month mwaka 1975, na humo akashauri nusu ya muda wa mradi iende kwenye majaribio, kuandika programu kwenyewe kupewe sehemu moja ya sita. Mkurugenzi alicheka hadi akavua miwani. Kisha akanionea huruma, akaniletea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanisaidie. Brooks huyohuyo anajulikana zaidi kwa kuonya kwamba ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Wanafunzi walikuja na heshima zote, na wajaribu wangu wakaitumia Ijumaa kuwaonyesha nywila, choo na mama lishe mwenye wali mzuri.

Mkuu wa maprograma naye akaja na lake: sehemu ya kukokotoa mikopo isijaribiwe, kwa kuwa imechukuliwa nzima kutoka mfumo wa mteja wa zamani, na huko haijawahi kukosea. Nikamkumbusha roketi ya Ariane 5. Juni 1996 ilirushwa kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ikasambaratika angani takriban sekunde 40 baadaye, kwa sababu programu iliyohamishwa kutoka Ariane 4 ilikutana na namba kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Kwenye Ariane 4 nayo haikuwahi kukosea. Akanijibu kwamba sisi haturushi roketi, tunakopesha wavuvi na wauza mitumba. Sawa, lakini mvuvi aliyekatwa marejesho mara mbili naye hulipuka.

Hata hivyo, adui yangu mkubwa hakuwa muda. Alikuwa adabu. Mjaribu wangu hodari kuliko wote ni binti wa Tanga, na taarifa yake moja ya kosa ilisomeka hivi: “Shikamoo kaka. Poleni na kazi. Nimeona jambo dogo, labda ni simu yangu: mfumo umekata marejesho mara mbili. Samahani kwa usumbufu.” Kwenye uzito wa kosa akaweka “dogo”. Kaka mwenyewe, aliyelelewa vizuri vilevile, akajibu, “Marahaba, kwangu inafanya kazi,” akaifunga. Meza ya pili anakaa kijana ambaye taarifa zake zote ni neno moja: “Imegoma.” Nini kimegoma, kwenye simu ipi, baada ya kubonyeza wapi, hiyo ni siri yake na Mola wake.

Nikaweka amri. Andika ulifanya nini, ulitarajia nini, ukapata nini, na kwa simu gani. Salamu ziendelee, ila kwa mdomo, wakati wa chai. Na uzito wa kosa upimwe kwa pesa za mteja, si kwa umri wa aliyekosea.

Binti akaanza upya, safari hii bila shikamoo: “Nimeandika jina lenye ritifaa, Ng'wandu. Nilitarajia kusajiliwa. Mfumo umezima.” Kosa hilo ni la zamani duniani. Kwenye hifadhidata alama ile ndiyo inayofunga maandishi, kwa hiyo mfumo uliotengenezwa ovyo ukiiona unaamini jina limekwisha na yanayofuata ni amri. Hakuna amri iitwayo “wandu”. Ni ufa uleule ambao wezi wa mtandaoni hupenyezea amri zao, na dawa yake inajulikana miaka mingi. Kikao kikaamua haina haraka, kwa hoja kwamba tunaanza na wateja wa Pwani. Jina la mtoa hoja nililiandika kwenye kumbukumbu kwa mwandiko mzuri.

Siku ikafika. Mgeni rasmi, mzee wa Shinyanga, akaombwa awe mwanachama wa kwanza kujisajili, mbele ya watu, kwenye skrini kubwa. Mnajua jina lake linaanzaje. Akabonyeza “Jiunge”, skrini ikawa nyeupe. MC, mtu mzoefu, akaomba makofi. Mzee akarudia, nyeupe tena, makofi tena. Ndipo binti wa Tanga akasogea taratibu, akainama: “Shikamoo baba. Samahani, hebu andika bila ile alama.” Mzee, kipaza sauti kikiwa mkononi, akauliza tangu lini SACCOS zinabadilisha watu majina.

Kosa lilirekebishwa jioni ileile, na chai haikupoa. Kikao cha tathmini kikauliza kwa nini kitengo cha majaribio hakikuliona. Nikaweka mezani taarifa yenye tarehe, pamoja na zile kumbukumbu. Mkurugenzi akasoma kimya, kisha akahamia ajenda ya mengineyo.

Ndugu unayesimamia mradi, andika tarehe za majaribio kwanza, ndipo utume barua kwa mgeni rasmi. Akikubali, mpe mjaribu wako jina lake kamili siku hiyohiyo.