Sifa za Popi, Mwalimu wa Mauzo

Wengine wamemsifu simba, wengine tausi, na siku hizi wapo wanaoishi kwa kusifu matajiri. Mimi namsifu Popi, mtoto wa mbwa wa miezi mitatu na nusu, rangi ya chai iliyozidi maziwa, mkazi wa nyumba ninayopanga Tabata bila mwenye nyumba kujua. Mwezi alioingia Popi ndio ofisi yetu, inayouza bima ya maisha, ilituita semina ya siku mbili ya mbinu za mauzo. Kati ya walimu hao wawili, Popi na mwezeshaji, ni mmoja tu niliyemshuhudia akiuza.

Sifa ndogondogo tuzimalize upesi. Ni msafi: hakojoi nje maadamu ndani pana zulia. Ni mchapakazi: ana meno 28 ya utoto, makali kama pini, na yote anayafanyisha kazi bila kudai posho. Halali sana, hulala saa 18 kwa siku, na zile sita zilizobaki huzianza saa tisa usiku.

Sifa yake kuu ni kwamba neno "hapana" halimo masikioni mwake. Semina ilitufundisha kuwa mteja akikataa hajakataa, anaomba maelezo zaidi. Sisi tuliandika kwenye daftari. Popi somo hilo amezaliwa nalo. Ijumaa moja jirani yangu alitoka na kanzu nyeupe, imepigwa pasi hadi inakata, anawahi msikitini. Kwa mzee huyu mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dunia nzima hakuna asiyehitaji bidhaa ya Popi kama yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzuie huyo."

Popi akasikia ombi la maelezo zaidi. Alinichoropoka, akamjia mzee kwa kushoto, akamjia kwa kulia, kisha akalala chali na kuonyesha tumbo, yaani akashusha bei. Mzee akaikunja kanzu hadi magotini, akarudi kinyumenyume, akapitia mtaroni. Mwuzaji mwingine angekwenda zake. Popi aliketi getini, mkia unafagia vumbi, hadi mzee aliporudi kutoka swala ili aanze upya. Hiyo inaitwa ufuatiliaji wa mteja. Imo kwenye kitabu cha semina, ukurasa wa 14. Ukurasa huo sinao tena. Kautafuna.

Na kiatu changu! Kile cheusi cha kwendea kwa wateja, cha kushoto. Kwa nini cha kushoto tu, we mbwa? Ungekula vyote nikajua moja. Sasa navaa raba na suruali ya kitambaa, nazungumzia kifo na mafao yake, na mteja macho yote miguuni.

Samahani, nilikuwa nasifu.

Siku ya pili mwezeshaji alitueleza mbinu ambayo wauzaji wa Marekani wameipa jina la mtoto wa mbwa. Humwuzii mtu mbwa. Unamwachia akae naye siku mbili. Watoto wakishampa jina, nani atamrudisha? Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka. Popi aliletwa kwangu na shemeji: "Kaa naye wikiendi hii tu, shem, nina safari ya Morogoro." Chai ya jioni haijapoa, wanangu walishamwita Popi. Shemeji akipigiwa simu bado yuko Morogoro, ingawa kinyozi wetu humnyoa kila Jumapili.

Nikiwa nimekaa pale ukumbini ndipo nikakumbuka nilivyoipata kazi yenyewe. "Jaribu tu kwanza," aliniambia aliyenihoji, "ikikushinda hakuna lawama." Mshahara ungekuja mbele ya safari, kwa sasa kamisheni, nauli yangu, vocha yangu. Nami nikajipa jina: afisa mauzo. Nikachapisha na kadi. Wateja wa kwanza, tuliambiwa, ni ndugu zenu. Ndugu nimewamaliza. Mama mdogo kwenye arusi juzi aliniona nakuja, akahama meza. Wawili wetu walipofikisha tageti, tageti ikapandishwa.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 haimpi kinga ya kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake. Popi akifika miezi sita atakuwa na meno 42 ya kudumu, au karibu yote. Mkataba wangu ni wa miezi mitano na nusu.

Jumatatu meneja alitusomea tageti mpya, akakumbusha kuwa mteja anayesema "nitakutafuta" asiachwe aondoke. Nilimfuata kwenye maegesho.

"Bosi, watoto wako wanapenda mbwa?"

"Wanapenda sana."

"Ninaye mmoja. Kaa naye wikiendi hii tu."

Akafungua mlango wa gari, akaingia, akapandisha kioo hadi ikabaki nafasi ya vidole viwili.

"Ngoja nishauriane na mama watoto," akasema. "Nitakutafuta."