Jinsi ya Kukokotoa Ulimwengu Mzima Ukiwa Kitengela

Utahitaji kalamu, kikokotoo, chai ya maziwa na ploti ya 50 kwa 100 ambayo bado unailipia. Darubini ya nini? Maabara ya nini? Uzuri wa kazi hii ni kwamba hutoki Kitengela, na siku maji yamekatika unaweza kuifanya ukisubiri boza.

Anza na Claude Shannon, mhandisi Mmarekani wa maabara za Bell. Mwaka 1948 alionyesha namna ya kupima taarifa kwa biti, na anachopima hasa ni mshangao: usilolitarajia lina taarifa nyingi, la hakika halina hata chembe. Dalali wa Kitengela akikuambia ploti iko dakika tano kutoka lami, umepata biti sifuri, kwani hakuna ploti hapa isiyo dakika tano kutoka lami. Akisema dakika arobaini na tano, kaa chini umsikilize.

Fomula ya Shannon ikatokea kufanana na ile ya entropi, yaani kipimo cha mvurugo, ambayo wanafizikia walikuwa nayo tangu karne ya 19. Pandia hapo. Mwaka 1957 mwanafizikia Edwin Jaynes alishauri hivi: chukua kile kidogo unachokijua, na kwa mengine yote ukiri ujinga wako wote, usijidai kujua hata nukta zaidi. Kwa molekuli za gesi, ukijua wastani wa nishati tu, ujinga huo uliopangwa vizuri unakuzalia sheria ileile ya Boltzmann ya jinsi molekuli zinavyogawana nishati. Kwa hilo namvulia kofia, bila utani.

Sasa mbinu hiyo ipeleke kwa ng'ombe wa Kajiado. Nenda kwa jirani mwenye ng'ombe 100, umuulize wanakunywa maji kiasi gani. Tuseme akujibu wastani ni lita 30 kila mmoja kwa siku. Usiulize lingine! Swali la pili huharibu umaridadi wa nadharia. Piga hesabu ya Jaynes, nayo itakuambia kwamba ng'ombe kama 18 hunywa chini ya lita 6, na kama 14 hufyonza zaidi ya lita 60. Mimi niliyapeleka matokeo hayo kwa mzee mmoja wa huku kwetu. Alinisikiliza kwa adabu, ameegemea fimbo yake, kisha akauliza, "Kijana, hao kumi na wanane wanaumwa nini?"

Usife moyo. Mzee atakueleza kwamba ng'ombe wazima hawapishani hivyo kwa kunywa. Yachukue maneno yake, uyaite "sharti", uyatie kwenye hesabu na ukokotoe upya. Safari hii mchoro utakaa sawa. Kisha andika kwamba sheria ya unywaji maji imezaliwa na nadharia ya taarifa peke yake. Mzee usimtaje.

Biolojia ni nyepesi zaidi. Herufi za DNA ni nne, kwa hiyo kila moja ni biti 2. Binadamu ana herufi kama bilioni 3, yaani megabaiti 750: mtu na ukoo wake ndani ya flashi ya kununua stendi. Pita hapo mbio, kabla mtu hajauliza kuhusu kitunguu cha kwenye kachumbari yako, chenye herufi kama bilioni 16. Nguvu ya mvutano iazime kwa mwanafizikia Mholanzi Erik Verlinde, aliyependekeza mwaka 2010 kwamba inatokana na entropi. Wenzake wangali wanabishana. Shannon mwenyewe aliandika makala ya ukurasa mmoja mwaka 1956, akiwaonya watu wasiifanye nadharia yake dawa ya kila ugonjwa. Ukurasa huo uruke.

Kimebaki kikwazo kimoja, nacho kina kucha. Familia ya Richard Turere iliishi hapa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi ambako hakukuwa na uzio, na simba walikuja usiku kula ng'ombe. Kulinda mifugo ilikuwa kazi ya Turere, mvulana wa miaka 11 hivi. Alijaribu moto, ukawamulikia simba zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliitazama wakageuka. Siku ya pili wakaikuta palepale, haijasogea, wakaingia. Shannon angepiga makofi. Halafu usiku mmoja Turere alizunguka zizi na tochi, na simba hawakuja. Akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, taa zikawa zinawaka na kuzima kulizunguka zizi. Mwaka 2013 aliisimulia habari hiyo kwenye jukwaa la TED.

Usishangilie bado. Taa inayowaka na kuzima kwa mpigo uleule, ukishauzoea, nayo ni biti sifuri kama ile sanamu. Ila simba hahesabu biti: anaona mtu anatembea na tochi. Na Shannon alitangaza tangu mwanzo wa makala yake ya 1948 kwamba maana ya ujumbe haimhusu mhandisi. Simba, yeye inamhusu.

Andika basi kwamba suala la simba limeachiwa utafiti ujao, ufunge daftari, uende nyumbani. Giza likiwa limeingia na njia yako inapakana na mbuga, beba tochi, na utembee ukiitikisa.