Amri Moja, Masikio Matatu: Malezi katika Nyumba ya Watoto wa Marika Tofauti

Vitabu vingi vya malezi huugawa utoto katika sura zinazofuatana kwa utulivu, kuanzia mtoto mchanga, yaani aliye chini ya mwaka mmoja, kisha mtoto wa chekechea, mtoto wa shule ya msingi, hadi kijana balehe, ambaye mwili wake umeanza kuingia utu uzima ingawa kitanda chake hakijawahi kutandikwa. Mgawanyo huo unamfaa mwanafunzi wa saikolojia, lakini unamchukulia mzazi kana kwamba humaliza sura moja ndipo akafungua nyingine, ilhali katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, kama ilivyo Tanga au Mombasa, sura zote husomwa kwa wakati mmoja, kwa sauti ya juu, na kurasa zake zikiwa zimemwagikiwa uji. Hali hiyo, ambayo hapa itaitwa malezi ya marika mchanganyiko, ina matatizo yake ya pekee, na hoja ya makala haya ni kwamba mengi kati ya hayo hayatokani na utundu wa mtoto huyu au yule, bali hutokana na amri moja ya mzazi kupokewa na masikio matatu, tuseme la miaka mitatu, la minane na la kumi na tano, kila sikio likaitekeleza kwa sheria zake lenyewe.

Amri iliyo fupi kuliko zote, na inayotolewa kila siku bila kukosa, ni "Laleni!" Mwaka 2016 Chama cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilitoa mapendekezo ya saa za kulala, ambapo mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, wa miaka sita hadi kumi na miwili saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane saa 8 hadi 10. Takwimu hizo ni za kuaminika, ila zinamkuta mtoto wa miaka mitatu akiwa amelala kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, kwa kuwa dada wa kazi alihitaji kufua kwa amani, hivyo inapofika saa mbili usiku yeye ndiyo kwanza anaanza siku. Kwa upande wa kijana, melatonini, yaani homoni inayouarifu mwili kwamba giza limeingia na ni wakati wa kupumzika, huchelewa kutolewa katika umri wa balehe kuliko ilivyokuwa utotoni, na kwa sababu hiyo anaposema hana usingizi saa nne usiku hasemi uongo, wala hasemi uongo saa kumi na moja alfajiri anapodai kwamba hawezi kufumbua macho, ingawa basi la shule, ambalo halijasoma chochote kuhusu homoni, tayari linapiga honi barabarani. Katika nyumba hiyo anayeitii amri ya kulala kikamilifu ni baba, ambaye hakuwa mlengwa, naye huonekana amesinzia kwenye kochi kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo.

Mtoto wa miaka minane anastahili kujadiliwa peke yake hapa, kwa sababu yeye hupokea amri ya kulala kama ukumbusho wa mambo mengine. Wanasaikolojia huzungumzia kumbukumbu ya kutazamia, yaani uwezo wa kukumbuka kufanya jambo fulani wakati ujao, na wanaeleza kwamba kumbukumbu hiyo huamka kwa urahisi zaidi inapochokozwa na kitu kinachoonekana kuliko inapoachiwa saa. Maelezo hayo yanatosha kufafanua kwa nini mtoto aliyerudi kutoka shule saa tisa alasiri, akala, akacheza, akaoga na kuulizwa mara kadhaa kama mwalimu ametoa maagizo yoyote, hujibu kwamba hakuna, kisha saa tatu usiku, anapoiona sare yake ikipigwa pasi, hutamka kwa sauti ya mtu asiye na hatia kwamba kesho kila mwanafunzi anatakiwa kufika na fagio la chelewa. Fagio la chelewa, kwa msomaji ambaye hajawahi kulitafuta usiku, ni lile la njiti za makuti linalouzwa karibu kila genge mchana kutwa na kutoweka kabisa jua linapozama. Duka la mtaani lina fagio la plastiki, ambalo mtoto hulikataa huku akilia kwamba mwalimu alisema la chelewa. Jirani wa kwanza hayupo. Jirani wa pili analo, lakini ni miongoni mwa wanaoamini kwamba fagio halitolewi nje usiku, maana hutoka na baraka za nyumba, na hivyo mazungumzo ya dakika ishirini hufanyika mlangoni ambapo mama mwenye shida hulazimika kwanza kuulizia afya ya watu wote wa nyumba ile, akiwemo shangazi aliye Korogwe, kabla ya kuahidi kwamba fagio litarudi kesho likiwa zima. Njia inayosaidia, kwa kadiri njia yoyote inavyoweza kusaidia, ni kuitoa sare mbele ya macho ya mtoto mapema, tuseme saa kumi na moja jioni wakati magenge bado yako wazi, ili kichocheo kilekile kifanye kazi yake saa ambayo tatizo linaweza kutatuliwa kwa shilingi chache.

Somo tajiri kuliko yote, hata hivyo, ni ugawaji wa juisi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi kati ya mwaka 1896 na 1980, alionesha kwamba mtoto ambaye hajafikia takriban miaka saba hushindwa kuelewa uhifadhi wa kiasi, yaani kanuni kwamba maji hubaki yaleyale hata yakihamishiwa kwenye chombo chenye umbo jingine: maji yanapomiminwa kutoka glasi pana kwenda kwenye glasi nyembamba na ndefu mbele ya macho yake, mtoto huyo husema yameongezeka, kwa kuwa anatazama kimo peke yake na kusahau upana. Piaget mwenyewe alikuwa na watoto watatu, aliowachunguza tangu uchanga wao na kuandika vitabu kutokana na alichokiona, na ni haki ya msomaji kujiuliza ni nani aliyekuwa akifuta meza wakati baba akiandika.

Katika nyumba yenye jagi moja la juisi ya ukwaju, ugunduzi huo una matokeo ya moja kwa moja. Glasi huingia nyumbani zikiwa sita, zote sawa, na baada ya muda hubaki moja ya seti ile, ikisindikizwa na kikombe cha bati, glasi ndefu iliyobaki kutoka kwenye sherehe fulani na chupa iliyokuwa ya jemu. Mzazi mwenye busara, akikumbuka kanuni ya kale ya mgawanyo wa haki, huamuru kwamba mmoja amimine na mwingine achague, kwa matumaini kwamba anayemimina atakuwa mwangalifu kwa kuogopa kupata kilicho pungufu. Kanuni hiyo ni imara kati ya watu wazima wawili wenye shamba la kugawana. Kati ya mtoto wa miaka minane na wa miaka mitatu haidumu hata mlo mmoja, kwani yule mkubwa, ambaye ameshavuka mpaka wa Piaget bila kumjua Piaget, humimina kidogo kwenye glasi ndefu na kingi kwenye kikombe kipana, kisha huinama kwa heshima na kumwambia mdogo wake, "Chagua wewe kwanza." Mdogo huchagua glasi ndefu kwa furaha isiyo na doa, mkubwa hunywa kilichobaki kwa masikitiko ya kuigiza, na mzazi aliyeko jikoni husikia ukimya na kudhani kwamba haki imetendeka.

Ulaghai huo hugunduliwa na kijana wa miaka kumi na mitano, ambaye hauripoti, bali hudai mgawo wake ili asiuripoti. Mzazi anapokuja kuutambua hutoa hukumu ya zamani kuliko zote, "Mwachie mdogo wako," ambayo ina ubaya wake, kwa kuwa mtoto mdogo akiisikia mara tatu hujifunza kulia kwanza na kuomba baadaye. Vikombe vya plastiki vinavyofanana, hata vikiwa vibaya vya kutazama, humaliza kesi nyingi kuliko hekima ya mahakimu.

Amri nyingine inayopotea njiani ni "Penga!", na mahali pake ni siku ya kuchambua maharage. Mama anapokuwa na ungo miguuni, akitenga mawe na punje mbovu, ukimya wa mtoto wa miaka mitatu aliye karibu naye si dalili ya adabu bali ni dalili ya kitabibu, na anapoinua macho hukuta punje moja ya harage imo puani, ikiwa imesukumwa kwa kidole kwa ajili ya utafiti tu. Mtoto huyo akiambiwa apenge, kama vile mtu apengavyo kamasi, huvuta pumzi kwa nguvu kuelekea ndani, maana sikio lake limesikia kwamba kuna kazi ya pua lakini halijaambiwa upande. Kibano mikononi mwa mtu asiye mtaalamu huisogeza punje ndani zaidi, na maji hayafai, kwani harage likilowa huvimba. Madaktari wanaifahamu njia iitwayo busu la mama, iliyoelezwa na daktari mmoja wa Marekani mwaka 1965: mzazi huzibana midomo yake juu ya kinywa wazi cha mtoto, huziba kwa kidole tundu la pua lililo huru, kisha hupuliza pumzi moja fupi na ya nguvu, hewa ikapita nyuma ya koo na kukisukuma kitu nje. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kwamba hufaulu takriban mara sita katika kumi. Kitu kikiwa ni betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya rimoti, hapana kujaribu chochote ila kukimbilia hospitali, kwa kuwa huunguza nyama ya ndani ya pua kwa muda mfupi. Harage likishatoka, na mama akiwa angali anajifuta shavu, mtoto wa miaka minane, aliyeona kwamba busu limetolewa kwa mmoja tu, huja na harage lake tayari limo puani.

Kuhusu kijana, mwanasaikolojia wa Marekani David Elkind aliandika mwaka 1967 juu ya hadhira ya kudhaniwa, yaani imani ya vijana wa umri huo kwamba macho ya watu wote yanawatazama wao, mchana kutwa, bila kupepesa. Kinyume chake, mtoto mdogo husumbuliwa na hofu ya kutengana, ambayo huanza kuelekea miezi minane na kwa wengi hupungua wanapokaribia miaka mitatu, ingawa hakuna mtoto aliyearifiwa tarehe hiyo. Mmoja hawezi kuvumilia kuonekana na mama, mwingine hawezi kuvumilia kutomwona, na siku basi la shule linapowaacha, wote wawili hupakiwa kwenye kiti cha nyuma cha bajaji moja, mama akiwa katikati. Kijana huomba kwa sauti ya chini ashushwe kituo kimoja kabla ya shule, akieleza kwamba kutembea ni afya, na mama, aliyesoma au asiyesoma Elkind, hukubali kwa moyo mweupe. Kijana hushuka bila kuaga na kuanza kutembea kama mtu asiye na ukoo. Hapo mdogo, aliyeamriwa dakika kumi zilizopita "Mpungie kaka mkono" na ambaye huitekeleza kila amri kwa wakati wake mwenyewe, hutambua kwamba kaka anakwenda zake na kuangua kilio kinachosikika hadi ng'ambo ya barabara, abiria wote waliopanga foleni kituoni hugeuka, ikawa hadhira ile ya kudhaniwa sasa ina miguu na mabegi, na konda wa daladala iliyo mbele, akimwona mama akipunga chupa ya maji dirishani, hulipiga bodi kofi na kupaza sauti, "Dogo! Mama yako huyo, umesahau chupa!"