Heri Ufukwe wa Kokoto

Atakayewaambia kwamba siku ya mapumziko ziwani lazima iwe juu ya mchanga, mwogopeni. Huyo ana spika kubwa nyumbani na anatafuta pa kuipeleka. Sisi wa Runzewe tukipanga safari ya Ziwa Victoria, kwa njia ya Bwanga mpaka Chato, mchanga tuwaachie wenyewe. Tutafute kipande cha ufukwe chenye kokoto, zile za kuchoma nyayo, na zikiwa zimelowa ndiyo bora zaidi.

Nawasikia mkiguna. Lakini nani kati yenu amewahi kula sato wa kukaanga mchangani bila kusaga punje menoni? Upepo wa ziwa ukianza, mchanga unaingia kwenye ugali, kwenye kachumbari, kwenye nguo za ndani za watoto, na wiki nzima baadaye mwenye gari la kukodi bado anawapigia simu mkamfagilie. Kokoto haina tabia hiyo. Haijawahi kuvamia hotipoti ya mtu. Ikitaka kukuumiza inakuumiza mguuni, mchana kweupe, na ukiinama unaiona.

Tena inafundisha adabu. Mchukueni yule bosi anayetembea kifua mbele tangu duara lake la machimbo liteme dhahabu. Mvueni viatu, mwambieni ashuke majini. Hatua tatu tu: magoti yamekunjika, mikono inatafuta hewa, na bega analolishika asianguke ni la kibarua wake mwenyewe. Sijaona semina ya utawala bora iliyofanya kazi hiyo haraka namna hiyo.

Waingereza wamelijua jambo hili zamani. Ufukwe wa Brighton, mji wao wa mapumziko kusini mwa London, ni kokoto, na watu hupanda treni kwenda kuzikalia, wengine wakiwa wamevaa makoti. Kuna pia Chesil, ukingo wa kokoto wa kilomita 29 hivi. Pale mawimbi yamezipanga kokoto kwa ukubwa: magharibi ni ndogo kama njegere, na kadiri unavyokwenda mashariki kuelekea Portland zinaongezeka hadi moja inajaza kiganja. Husimuliwa kuwa mvuvi aliyetua pale usiku wa giza alijua yuko wapi kwa kupapasa chini tu. Mchanga ungemwambia nini? Na kuzichukua hairuhusiwi, maana eneo ni la hifadhi. Mawe ambayo hakuna anayeyatafutia dhahabu, na bado yanalindwa!

Hapo ndipo ninapowahurumia watu wetu. Katika Mkoa wa Geita hakuna jiwe linaloachwa lipumzike. Jiwe jeupe likionekana njiani linaokotwa, linalowanishwa kwa mate, linageuzwageuzwa juani. Likitia tamaa linatwangwa kwenye kinu cha chuma na kuoshwa kwenye karai. Likinyima, kuna nyundo inayolisubiri ligeuzwe kokoto za zege. Jiwe kwetu ni deni, ni mgao, ni ugomvi wa mpaka wa leseni. Kule ziwani lipo tu, maji yamelilainisha, halina mwekezaji wala mwenyekiti wa kikundi. Mtu wa Runzewe anahitaji kulikalia jiwe la namna hiyo walau siku moja, hata makalio yakilalamika.

Mipango basi. Kila mmoja aje na yeboyebo, na asijifanye mtoto wa kijijini aliyezoea pekupeku. Mkeka ni kujidanganya, bebeni godoro. Viti vya plastiki huzama mguu mmoja mmoja, kwa hiyo mzee atakayekalishwa achaguliwe kwa ucheshi, si kwa umri. Wapenzi waliokuja kulala chali na kupigana picha wasikemewe, wataamka wenyewe ndani ya dakika tano. Kuogelea sikusifu: mamba hakushirikishwa katika mipango hii, na kichocho hakisomi makala.

Turudi kabla ya giza. Na ndani ya gari, yule ambaye suruali yake inaporomoka kwa uzito wa mifuko, asipekuliwe wala kuchekwa. Ana sababu zake, na Jumatatu karasha la kusaga mawe linafungua mapema.