Kuku Wangu, Mafuta Yangu, Utitiri wa Jirani

Hapa nyumbani kopo la mafuta ya mgando siku hizi lina wenyewe, na wenyewe ni kuku. Mimi visigino vimepasuka, lakini nikinyoosha mkono kulichukua watoto wananiuliza kama kuku wameshapakwa. Kwanza kuku, halafu baba, kama yatabaki.

Chanzo ni utitiri wa miguuni. Usiuchanganye na ule mwekundu unaojificha kwenye nyufa za banda mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Huyu mdudu wa miguu hana haja ya kutoka. Hafiki hata nusu milimita, na maisha yake yote anayamalizia kwa kuku: anachimba chini ya magamba ya mguu, anakula humo, anazaa humo humo, na wanawe nao wanaendelea kuchimba. Ngozi ikichokozwa inatoa unga na majimaji, magamba yananyanyuka, mguu unanenepa na kuwa mweupe kama uliochovywa kwenye chokaa. Ukipuuza, kuku anaanza kuchechemea, na mwishowe hata kidole kinaweza kukatika. Wataalamu wamempa mdudu huyu jina la Knemidocoptes mutans, ambalo kwa urefu linamzidi mwenyewe.

Tiba kuieleza si kazi. Unasubiri jioni, kuku wakiwa wamepanda kulala. Unaandaa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki mkuukuu. Unaloweka miguu mpaka magamba yalainike, unasugua taratibu, unakausha, halafu unapaka mafuta mazito mpaka yaingie kila ufa, wadudu wakose hewa. Magamba hayabanduliwi kwa kucha. Ukiyabandua utaona damu. Baada ya siku chache unarudia, na unaendelea hivyo wiki kadhaa, maana waliojichimbia ndani hawafikiwi na mafuta ya siku moja. Mguu wenyewe huchukua miezi kurudi kuwa mguu wa kutazamika.

Haya, sasa mkamate jogoo wa kuchi umwoshe miguu. Mwiba ule wa nyuma ya mguu haujui kama wewe ni tabibu.

Na washauri! Fundi baiskeli wa pale kona anasema, "Mzee, paka oli chafu, umemaliza." Oli ya gari inapenya ngozini, kuku mwenyewe anaidonoa, kisha mayai nile mimi. Bibi mmoja anasisitiza mafuta ya taa, kwamba enzi zao ndiyo ilikuwa dawa. Yanaua wadudu, sikatai, lakini yanaunguza na ngozi pia. Kijana wa duka la dawa za mifugo alitaka kuniuzia antibiotiki, wakati huyu ni mdudu mwenye miguu yake minane, si bakteria.

Aliyesema la maana ni daktari wa mifugo, aliyenitajia aivamektini. Hiyo naiheshimu. Waliovumbua chimbuko lake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ndiyo hiyo hiyo wanayogawiwa watu vijijini kwa ajili ya usubi na matende. Ila kuku akishapewa, mayai yake hayaliwi mpaka upite muda atakaoutaja daktari. Nyumbani kwangu, kumwambia mtu asile yai analoliona kwa macho yake ni kutafuta ugomvi. Tumebaki na mafuta ya mgando.

Yote hayo ningeyavumilia kama si jogoo wa jirani. Anaingia kwangu alasiri, anakula pumba zangu, na jioni anapanda kwenye fito za banda langu, kodi halipi, miguu imemvimba magamba matupu. Utitiri huu huenea kwa kuku kugusana na kulala kwenye fito hizo hizo. Kwa hiyo mimi napaka, yeye anarudisha. Nikimweleza mwenyewe, ananijibu, "Ni uzee tu huo, jirani." Ana pa kushikia, kwa kuwa kuku wazee ndio wanaoathirika zaidi, wadudu wamekuwa na muda wa kutosha kuzaana. Lakini uzee haumwambukizi tetea wangu wa mwaka jana.

Nimewaza nimpake mimi mwenyewe yamalizike. Sasa mtu aliyekutwa gizani amekumbatia jogoo wa mwenzake, hata akiwa na mswaki mkononi, atajieleza vipi kwa mjumbe?

Basi jirani, nanyi nyote mnaofungulia kuku asubuhi na kuwahesabu jioni, wainueni miguu muitazame. Mkiona magamba yamenyanyuka, osheni, pakeni, na fito za kulalia mzisugue siku hiyo hiyo. Na wewe mwenye jogoo, kama kumkamata kunakushinda, twende kwa mjumbe unipe ruhusa mbele yake, nimkamate mimi.