Wanzuki wa Samaki

Mama mkwe wangu hajaonja pombe maisha yake yote, lakini mtu aliyekulia Tabora, mkoa wa asali, hahitaji kuonja wanzuki ili aijue harufu yake. Alipofika kwetu Mtendeni, hapa Tabora mjini, kwa treni ya Kigoma, alisimama kizingitini na kiatu kimoja mguuni, akanusa, kisha akamwita mwanawe kwa jina lake lote, la babu likiwemo. Mume wangu ana mvi, lakini akiitwa namna ile hurudi darasa la pili.

"Mnapika nini humu ndani?"

"Hatupiki kitu, mama. Hiyo ni ya samaki."

"Samaki wanakunywa?"

Nitaeleza mimi. Mume wangu alikuwa amemwagiza fundi wa madirisha ya aluminiamu amuundie tangi la vioo. Likaja, likakaa pale penye kabati la vyombo vyangu, na kabati likahamia chumbani. Ndani akatia mchanga, perege wadogo kumi na kitu, na kambale mmoja aliyejichanganya ndooni bila kualikwa. Majani yalitoka Ujiji. Shemeji aliyachimbua Ziwa Tanganyika, marefu na membamba, yale ambayo wataalamu huyaita Vallisneria, akayapakia kwenye ndoo yenye maji. Njia ileile ambayo wapagazi wa misafara walitembea kwa wiki kadhaa na pembe begani, majani yetu yaliimaliza kwa usiku mmoja wa reli, wala hayakulipa nauli.

Majani hayo yana historia yake. Mwaka 1850, mkemia Robert Warington wa London aliwaweka samaki wa dhahabu wawili katika chombo kimoja na Vallisneria na konokono, akaonyesha kuwa mmea na mnyama wanaweza kutunzana: samaki anatoa hewa ya ukaa, mmea ukiwa kwenye mwanga unaila na kutoa oksijeni. Mume wangu alipoisoma habari hiyo alitangaza kwamba nyumba yetu sasa ina sayansi. Lakini majani yakagoma kukua, na kioo kikaota ukungu wa kijani. Akauliza huku na huku, akaambiwa majani yana njaa. Ni kweli kwamba ndani ya maji hewa ya ukaa hutembea polepole mno, mara 10,000 hivi chini ya mwendo wake hewani, hata jani likaweza kukosa chakula wakati kipo hatua chache tu. Dawa aliyopewa: chupa ya soda, sukari, hamira, na mpira wa dripu.

Hamira hula sukari ikatoa vitu viwili. Hewa ya ukaa hupanda mpirani ikaingia tangini kwa mapovu madogo, na kileo hubaki chupani. Hicho cha pili ndicho alichokinusa mama mkwe, na siku mbili baadaye jirani mmoja mzee naye akakinusa kutoka barazani. Alibisha hodi kwa adabu zote, "Mwangaluka," akakaa, akaulizia afya ya kila mtu, hadi mwisho akauliza kwa sauti ya chini tunauza kikombe shilingi ngapi.

Mama mkwe hakuongea. Alingoja mwanawe aende kazini, akauchukua ule mpira akaufunga fundo, ili harufu isitoke. Hamira haijui fundo. Saa sita mchana, joto limepanda, chupa ilinenepa, ikakakamaa, na wakati yeye yuko kwenye mkeka anasali adhuhuri, ikapasuka. Kitu cheupe chenye kunata kilitua kwenye zulia, kwenye pazia, kwenye picha ya harusi, na juu ya jamvi la wageni. Alimaliza sala yake bila kukatisha, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akaniita. "Mke wa mwanangu, leta maji. Na ukimwona mumeo mwambie samaki wake wamelewa."

Mtu mwingine angeacha. Mume wangu akaleta chupa mbili.

Ikaingia Oktoba, mwezi ambao Tabora hukaangwa kabla mvua hazijaja. Hapa ndipo hesabu za maji zilipotukamata. Katika usawa wa bahari, lita ya maji yenye nyuzijoto 20 hushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzijoto 30 inashika saba na nusu tu. Na sisi hatukai Pangani. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo punguza tena zaidi ya sehemu moja katika kumi. Joto hilohilo linalofukuza oksijeni ndilo linaloipa hamira nguvu ya kufanya kazi. Mchana hapakuwa na tatizo, maana majani yalikuwa yakirudisha oksijeni. Usiku ndio mtihani. Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, alishaonyesha mwaka 1779 kwamba mmea husafisha hewa kwenye mwanga tu. Gizani nao unavuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, sawa na mimi na wewe. Gizani, basi, majani yanageuka kuwa walaji wenza wa samaki, na kinachookoa ni pampu ya hewa.

Usiku mmoja umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza. Chupa mbili hazina swichi, zikaendelea kutokota.

Aliyeamka ni mama mkwe, kwa ajili ya tahajudi. Alisikia kitu kinalamba maji. Alipomulika tochi, perege wote walikuwa juu, midomo wazi, wanagombea ule utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa. Hewa ya ukaa ikizidi majini, samaki anashindwa kuitoa ya mwilini mwake, damu inachachuka, na hata oksijeni iliyopo damu haiibebi vizuri. Kambale peke yake alikuwa ametulia chini. Yeye ana kiungo cha ziada juu ya matamvua cha kuvutia hewa ya kawaida; alipanda, akagugumia pumzi moja, akashuka zake.

Mume wangu alisimama na nguo ya kulalia, ameshika kitabu. Mama mkwe alishika kopo. Aling'oa mipira yote miwili, akachota maji, akayainua juu kabisa na kuyamimina yarudi tangini, akachota tena, kama anayepoza uji wa mgonjwa. Tulipokezana hadi adhana ya alfajiri. Binti yetu wa kidato cha tatu ndiye aliyetueleza kwamba bibi hakubahatisha: maji yakivurugwa usoni, hewa ya ukaa inatoka na oksijeni inaingia kwa pamoja. Perege wawili walikufa. Waliobaki waliteremka kabla ya jua.

Kilichomuuma mume wangu si perege. Ni alichokisoma asubuhi yake. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na katika maji ya namna hiyo hewa ya ukaa iliyo huru ni kidogo sana. Vallisneria imezoea. Ikiikosa, huchota kaboni yake kutoka kwenye bikaboneti iliyoyeyuka majini. Wapo wapenzi wa matangi wanaokuza mimea yenye tamaa, nao hulenga miligramu 30 hivi za gesi kwa lita, kwa mtungi wenye vali inayofungwa taa zikizimwa. Hao wana sababu. Sisi tulikuwa tunamlisha mgeni asiye na njaa, sebuleni, kwa sukari ya kilo nzima kwa bei ya mwaka huu.

Chupa ziliondoka siku hiyo. Taa sasa inawaka saa chache, ukungu umepungua, pampu imepata betri, na samaki hawaongezwi. Majani yamejaa tangi hata hatuwaoni perege. Kambale amekua kupita kiasi na perege wanapungua. Mama mkwe ameshasema yeye atampika siku ya Ijumaa.

Mwenye tangi Tabora mjini na aje na ndoo, majani tunatoa bure. Hamira anunue ya maandazi.